Bulimia: Ugonjwa Usiopimika kwa Futikamba

Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa katika msafara wa kutafuta chanzo cha mto Nile, aliingia Karagwe akapokelewa vizuri na Mkama Rumanyika, mfalme wa huko. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 ni habari za wanawake wa jamaa ya Mkama, waliokuwa wakilishwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama kwa miguu yao. Speke hakutosheka kutazama. Alimbembeleza shemeji yake Mkama akubali kupimwa, akatoa futikamba: mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4, paja futi 2 na inchi 7, shavu la mguu futi 1 na inchi 8. Kando yao alikaa binti wa mama huyo, umri wake miaka 16, akinyonya maziwa kwenye chungu huku baba yake ameshika fimbo asije akaacha.

Wapo wanaousoma ukurasa huo wakacheka, wapo wanaokasirika kwa niaba ya mama aliyezungushiwa kamba na mgeni. Hasira hiyo ina haki yake. Mimi husimama pale kwa binti. Vipimo vyote vilivyoandikwa ni vya nje ya mwili. Yeye hakuulizwa neno: tumbo linasemaje likijaa, anafanya nini fimbo ikiwekwa chini, anajionaje.

Kulishwa kwa fimbo si bulimia, na sitaki msomaji aondoke na dhana kwamba nyumba ya Rumanyika ilijaa wagonjwa. Nasema tu kwamba katika Karagwe ya zamani, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya mbili za mkoa wa Kagera, Karagwe yenye makao Kayanga na Kyerwa iliyokatwa kutoka kwake, mwili wa mwanamke umesomwa kwa macho miaka mingi, na kauli ya macho imeaminiwa. Bulimia ni ugonjwa wa kula ambao macho hayauoni. Mgonjwa wake kwa kawaida hakondi wala hanenepi kupindukia. Anapita njiani na ndoo ya maji, anaamkia wakubwa, anaonekana mzima kuliko jirani mwenye malaria.

Jina la ugonjwa huu limeingia vitabuni juzi tu. Mwaka 1979 daktari wa magonjwa ya akili wa London, Gerald Russell, alichapisha maelezo ya wagonjwa 30, wanawake 28 na wanaume 2, waliokuwa na hofu kali ya kunenepa, wakishikwa na vipindi vya kula kusikozuilika, kisha wakijitapisha au kumeza dawa za kuharisha ili kufuta walichokula. Aliuita bulimia nervosa. Mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka mambo hayo yatokee walau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, na mtu awe anajithamini kwa kadiri ya uzito na umbo lake. Kujitapisha ni njia moja tu ya kufidia. Wengine hushinda siku mbili bila kula, wengine humeza dawa za kukojoa, wengine hukimbia na kuruka kamba mpaka magoti yavimbe.

Katika lugha yetu ya kila siku mtu anayefakamia chakula ana jina lake, mlafi, na jina hilo ni hukumu. Ndiyo maana inafaa kueleza kwanza jinsi kufakamia huku kunavyoanza, kwa sababu hakuanzii kwenye ulafi. Mara nyingi huanzia kwenye kujinyima. Kati ya Novemba 1944 na mwishoni mwa 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys alipunguza chakula cha vijana 36 wa kiume, wazima wa mwili na akili, kwa wiki 24. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Kabla ya hapo hawakuwa na ugomvi wowote na chakula. Njaa ilipokolea walianza kuota vyakula, kukusanya maelezo ya mapishi, kuficha mabaki. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula maelfu ya kalori kwa siku na bado wakasema hawajashiba, na wapo waliokula mpaka wakatapika. Mwili ulionyimwa huidai haki yake kwa nguvu, na anayeona kwamba ni yeye binafsi aliyeshindwa kujizuia hupata aibu, aibu ikampeleka chooni, kesho yake akajinyima zaidi ili kulipa. Hapo duara limefungwa. Sehemu kubwa ya matibabu ni kuukata mzunguko huo kwenye kujinyima, sio kwenye kula, jambo ambalo wagonjwa na mama zao huliona kinyume kabisa wanapolisikia mara ya kwanza.

Na kujinyima si lazima kuanze kwa hiari. Mwaka 2017 watafiti wa San Antonio, Texas, walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 500 waliokuwa wakichukua chakula cha msaada. Katika familia zenye upungufu mkubwa zaidi, ambako hata watoto walilala njaa, asilimia 17 walikuwa na dalili nzito za maradhi ya kula. Habari hii inavunja imani iliyozoeleka huku kwetu kwamba maradhi haya ni ya wazungu walioshiba. Anayekula kwa msimu, leo kuna na wiki ijayo hakuna, anaishi karibu na mlango wa duara hilo kuliko tunavyodhani. Kagera ni mkoa wa ndizi na maharage, wenye kibanja cha migomba kila nyumba, na bado udumavu wa watoto wake umekuwa juu ya wastani wa taifa, ambao utafiti wa 2022 uliuweka kwenye asilimia 30. Wingi wa migomba kumbe hautuambii kila kitu kuhusu kinachofika mdomoni.

Sasa turudi kwenye macho, kwani yana historia ya pili hapa, chungu kuliko ile ya maziwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa na mashati ya magendo yaliyokuwa yakivushwa kutoka Uganda. Wenzetu ng'ambo ya mpaka waliuita silimu, ugonjwa wa kukonda. Kwa miaka ishirini iliyofuata, kukonda katika mkoa huu kulikuwa tangazo la msiba. Aliyepungua alianza kuhesabiwa siku zake kabla hajapima chochote. Wazazi wa mabinti wa leo walikua katika kipindi hicho. Shangazi anaposhika mkono wa binti aliyerudi likizo na kusema kwa furaha, "Mwanangu umenenepa, shule imekupenda," anatoa shukrani kwa Mungu. Binti anasikia kitu kingine.

Anasikia kingine kwa sababu simu yake ina macho ya namna nyingine. Anachokiona humo ni mwili wenye masharti mawili yanayopigana: makalio na mapaja yajae, tumbo liwe bapa, kiuno kishikike kwa viganja. Biashara imepata pande zote mbili. Kuna vidonge vya kuongeza makalio, vile watu wanavyoviita vya Mchina, na kuna chai ya kupunguza tumbo, ambayo nyingi kati yake ni dawa ya kuharisha iliyotiwa kwenye pakiti nzuri yenye picha ya majani. Binti mmoja anaweza kununua zote mbili kwa muuzaji mmoja siku moja. Bibi yake anataka anenepe ili watu wajue hana Juliana, mchumba anataka shepu, kamati ya harusi imeshapeleka vipimo vya gauni kwa fundi.

Uhusiano wa picha na maradhi ya kula si porojo za wazee wanaoichukia simu. Televisheni ilipofika jimbo la Nadroga visiwani Fiji mwaka 1995, Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa tayari anaifahamu jamii ile, jamii iliyopenda miili minene na kuhimizana kula. Wasichana aliowachunguza mwaka huo hakuna aliyesema anajitapisha kwa ajili ya uzito. Alipowachunguza wengine wa rika hilohilo mwaka 1998, waliosema hivyo walikuwa asilimia 11.3. Hapa kwetu, mwaka 2007 Kamryn Eddy na wenzake wawili walichapisha matokeo ya wanawake na wasichana 214 wa Tanzania: wachache wao, lakini si wachache wa kupuuzwa, walikuwa na maradhi kamili ya kula, na waliokutana zaidi na vyombo vya habari walikuwa na dalili zaidi. Mapitio ya tafiti za Afrika yamekadiria bulimia kwa wanawake vijana kuwa pungufu kidogo ya mmoja katika kila mia, kiwango kisicho mbali na cha Ulaya. Utafiti ule wa Tanzania ulifanyika kabla simu za kupangusa hazijafika vijijini. Mwenye kutaka kujituliza kwamba jambo hili ni la Masaki na Mikocheni, mitaa ya wenye nacho Dar es Salaam, atafute ushahidi wake mahali pengine.

Nimetaja kwamba mgonjwa hakondi. Binti mfalme Diana wa Uingereza alilieleza jambo hili katika mahojiano yake na BBC ya Novemba 1995: anayejinyima kabisa huonekana akisinyaa, ila mwenye bulimia hubaki na uzito uleule, hivyo anaweza kuwadanganya watu wote muda wote. Watu waliokuwa wakipigwa picha kila siku kama yeye ni wachache duniani, na picha zile hazikumwambia mtu lolote.

Uzito hubaki kwa sababu kujitapisha ni njia mbovu hata kwa lengo lake lenyewe. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya chakula kilichofakamiwa, kalori elfu moja na zaidi, hubaki mwilini baada ya kutapika. Dawa za kuharisha ni hovyo zaidi: hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo kinachopungua ni asilimia 12 hivi ya kalori. Mizani ikishuka asubuhi, ni maji yaliyotoka. Mgonjwa analipa bei kubwa kwa bidhaa ambayo hakupewa.

Bei yenyewe huanzia mdomoni. Asidi ya tumbo ni kali mno kwa enameli ya jino. Katika kutapika hupita nyuma ya meno ya mbele ya juu, na baada ya miezi mingi sehemu hiyo hulainika, hung'aa kama imepigwa msasa, kingo za meno zikawa nyembamba na kukatika. Ukimtazama akicheka huoni kitu. Lazima afungue kinywa utazame kwa ndani. Wengi, kwa kuona kinyaa, hukimbilia mswaki mara tu baada ya kutapika, na hapo huikwangua enameli iliyolainika. Afadhali asukutue maji, yakiwa na chembe ya magadi ya kuokea mikate ni bora zaidi, na mswaki ungoje. Tezi za mate za mashavuni huvimba bila maumivu, uso ukajaa mbele ya masikio. Hapa ugonjwa una kejeli yake: mashavu yale yale yanayomfanya shangazi ashukuru ndiyo dalili, na mgonjwa mwenyewe akijiona kwenye kioo anaamini amenenepa, anazidisha. Wapo wenye sugu au makovu juu ya vifundo vya vidole vya mkono mmoja, mahali meno yanapogusa vidole vikiingizwa kooni. Alama hiyo madaktari wanaijua kwa jina la Russell. Nionavyo mimi, kwa mtu anayeshika jembe na panga kila siku ni alama ya kutiliwa shaka pande zote: sugu ya jembe hukaa kiganjani, ila mkwaruzo wa kazi unaweza kukaa popote.

Kooni, umio huungua na kuchubuka, sauti hukwaruza. Kutapika kwa nguvu kunaweza kuchana utando pale umio unapoingia tumboni, damu nyekundu ikatoka. Mara chache sana umio hupasuka wote, na hiyo ni ajali ya kufa na kupona ndani ya saa chache.

Mengi ya hayo hudhuru polepole. Linaloua ghafla ni chumvi za damu, hasa potasiamu, na nitakaa hapa kidogo kwa kuwa ndipo wengi wanapokosea. Potasiamu ya damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita. Misuli yote huitegemea, na moyo ni msuli. Watu hudhani potasiamu inatoka na matapishi. Kidogo tu hutoka humo. Kwa kutapika mtu hupoteza maji na asidi, damu ikaelekea kwenye ualkali. Mwili ukihisi maji yamepungua hutoa homoni ya aldosteroni ili figo zishike chumvi ya kawaida, na figo katika kuishika hiyo huimwaga potasiamu kwenye mkojo. Kwa hiyo uvujaji unaendelea hata siku ambayo hakutapika. Dawa za kuharisha na za kukojoa huongeza tundu jingine. Chini ya 3.5 mtu anaweza kuhisi uchovu, ganzi, kukazana kwa misuli, choo kigumu. Ikishuka chini ya 2.5 mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika na kusimama, bila onyo, kwa msichana wa miaka 19 ambaye jana alicheza netiboli.

Mtu wa Karagwe atasema: sisi tunakula ndizi kila siku, na ndizi ina potasiamu tele. Ni kweli, ndizi ya kupika ni chanzo kizuri. Lakini sinia la ndizi halijazi pipa linalovuja kwenye figo. Lazima kwanza maji na chumvi virudi ili aldosteroni itulie, na kutapika kukome. Pakiti ya chumvi za kuongeza maji inayotolewa bure kwenye zahanati kwa mtoto anayeharisha ina potasiamu pia, milimoli 20 kwa lita, na kwa mgonjwa asiye na hali mbaya ni mwanzo mwema kuliko dripu ya glukosi tupu, ambayo huisukuma potasiamu ndani ya seli na kuishusha zaidi ndani ya damu. Hili la dripu ya glukosi nalisema kwa mkazo, maana ndiyo zawadi ya kwanza anayopewa kila anayefika akiwa amelegea.

Kuna mengine nitayapitia haraka. Hedhi huparaganyika, hata kwa asiyekonda. Utumbo uliozoeshwa dawa za kuharisha husahau kazi yake. Mwenye kisukari cha kuchoma insulini anaweza kujifidia kwa kuiruka sindano, sukari ikapanda, uzito ukashuka, macho na figo zikaharibika mapema. Kliniki za kisukari zinapaswa kulijua hili kwa kuwa mgonjwa hatasema. Huzuni na mawazo ya kujiua ni wenzi wa karibu wa ugonjwa huu. Kwa jumla, hatari ya kufa kwa mwenye bulimia ni karibu mara mbili ya mwenzake wa umri uleule.

Kwa nini basi hatuwaoni? Jibu la haraka ni kwamba hakuna wataalamu, na ni kweli ni wachache. Naona hata hivyo sababu kubwa ni tafsiri. Kutapika mkoani Kagera kuna maana nyingi zilizotangulia. Kuna malaria. Kuna vidonda vya tumbo, jina ambalo limekuwa kapu la kila maumivu chini ya kifua. Kuna kulishwa sumu na kurogwa. Tangu Machi 2023 kuna hofu ya homa ya Marburg, iliyozuka Bukoba Vijijini, ikarudi Januari 2025 kule Biharamulo, na mahali palipopita homa ile, anayetapika anatazamwa kwa woga. Na kwa msichana kuna maana moja inayozifunika nyingine zote, mimba.

Fikiria mwanafunzi wa kidato cha tatu anayelala bweni. Matroni anasikia anatapika mara mbili kwa wiki baada ya chakula cha jioni. Anapelekwa kupimwa mkojo, majibu hakuna mimba, anapimwa tena mwezi ujao. Mpaka Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba waliopata ujauzito wataruhusiwa kurudi shuleni, majibu mengine yangekuwa mwisho wa masomo yake, na hofu ya enzi hizo haijafutika kwa tangazo. Kinachofuata ni rahisi kukisia: binti hataacha kutapika, ataacha kusikika. Choo cha shimo hakihifadhi ushahidi, kibanja nyuma ya nyumba ni kikubwa, usiku ni mrefu. Nyumbani nako, kwa kuwa tunakula sinia moja, hakuna anayefakamia hadharani. Kufakamia kunangoja kiporo cha jikoni wengine wakilala, na kikikosekana asubuhi anapigwa mtoto mdogo.

Hata mtoa huduma mwenye nia njema hana pa kusomea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwasaidia wahudumu wasio mabingwa kutibu magonjwa ya akili, ule uliotoka 2010 na kurekebishwa 2016, una sura za sonona, kifafa, saikosisi, ulevi, kujiua, maradhi ya watoto na ya usahaulifu wa uzee. Maradhi ya kula hayana sura yake. Nadhani ni kosa, ingawa naelewa hoja ya waliopanga: ukiwa na kurasa chache unaanza na mengi. Shida ni kwamba yasiyotafutwa hayahesabiki, na yasiyohesabika hayapati kurasa.

Yapo maswali matano ya kuchuja yaliyotungwa Uingereza na kuchapishwa 1999, yanayouliza habari za kujitapisha, kushindwa kujizuia, kupungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi mitatu, kujiona mnene wakati wengine wanakuona mwembamba, na chakula kutawala maisha. Anayejibu ndiyo mara mbili achunguzwe. Nayapenda kwa ufupi wake, ila la nne halifai Karagwe kama lilivyo. Huku jamaa humwambia amekonda kila asiye na mashavu. Ningeliacha, nikayashika la kwanza na la pili, na ningeuliza nikiwa nimekaa naye peke yake, mama akiwa nje, kwa sauti ileile ninayoulizia kikohozi. Swali likiulizwa bila mshangao, wengi hujibu.

Matibabu yenye ushahidi mzito zaidi ni ya mazungumzo yenye mpangilio, yaliyokuzwa Oxford na Christopher Fairburn: mikutano 20 hivi katika miezi mitano. Kiini chake hakihitaji jengo. Mgonjwa anaandika kila anachokula na kilichompata kabla na baada. Anarudishiwa ratiba ya milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu, asikae saa nyingi bila kula. Kisha wanashughulikia vyakula alivyojiharamishia na jinsi anavyojithamini. Mkunga au muuguzi aliyefundishwa, mwenye subira na daftari, anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Dawa inayosaidia ni fluoxetine, miligramu 60 kwa siku, mara tatu ya dozi ya kawaida ya sonona. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Amitriptyline, iliyozoeleka zaidi kwenye makabati yetu, naiogopa hapa: huchelewesha mwendo wa umeme wa moyo, na moyo wenye potasiamu ndogo hauhitaji msukosuko wa pili. Asianzishiwe mtu anayetapika kabla damu yake haijapimwa. Pale zahanati isipoweza kupima, hospitali ya Nyakahanga ipo, ya rufaa ya mkoa iko Bukoba, na wenye hali ngumu zaidi huishia hospitali ya Bugando, Mwanza.

Kuna wiki mbili ambazo familia inapaswa kuambiwa mapema. Mgonjwa anapoacha kutapika au kumeza dawa za kuharisha, aldosteroni iliyozoea kushika chumvi haizimiki siku hiyohiyo. Maji hujaa, miguu huvimba, uso huvimba, mizani hupanda kilo kadhaa kwa siku chache. Hayo si mafuta, na kwa kawaida huondoka yenyewe. Ainue miguu akilala, apunguze chumvi, asipewe dawa ya kukojoa kwa pupa kwani itaanza upya kuimwaga potasiamu. Daktari asipomwonya, binti ataona hofu yake yote imethibitika na atarudi kibanjani usiku huohuo. Mama, shangazi na bibi waelezwe pia, kwa jina la kitu chenyewe, kwamba ni maji; na wageni wanaokuja kumjulia hali waombwe kwa siku hizo wamsalimie habari za mifugo, za mvua, za bei ya kahawa, mwili wake wauache.